Mradi si barua ya kuomba pesa

GOMA – Familia nyingi zilizotoka kwenye kambi za pembeni ya mji wa Goma mwezi wa pili 2025, wakati Bulengo, Lushagala na nyingine zilipobomolewa, zilibeba tu vile vitu vinavyowezekana kubebwa mgongoni ao juu ya chukudu. Shitingi iliyopasuka, sufuria, bidoni, gunia la nguo. Ndani ya gunia, katika sasheti ya plastiki ili mvua isiingie, mara nyingi kuna karatasi: karti ya chakula, karatasi ya kuzaliwa kwa mtoto, na breve ya formasyo. Wengine wana breve mbili, tatu. Formasyo ya usimamizi wa miradi, formasyo ya kuanzisha kazi ndogondogo, formasyo ya kuandika mradi na kutafuta wafadhili. Mhuri upo, sahihi ipo, tarehe ipo.

Mwenye breve akiulizwa alifunzwa nini, jibu linakuja upesi: alifunzwa kuandika mradi. Akiulizwa namna ya kuuongoza mradi siku ya pesa kuchelewa, siku barabara inafungwa, siku mshika pesa anaugua, ananyamaza kidogo. Hakufundishwa hilo. Na ndilo linaloamua kama watoto wake watakula kwa kazi ile ao hapana.

Katika Kivu neno projé limechukua maana yake lenyewe. Mtu akipiga simu na kusema projé imekuja, hakuna anayeuliza ni kazi gani itafanyika. Wanauliza ni shirika gani, na orodha ya majina inafungwa lini. Mradi umekuwa kitu kinachotoka mbali sawa mvua, kinanyesha kwa wengine na kuwaruka wengine, kisha kinaondoka. Formasyo nyingi zimefuata njia hiyohiyo. Siku ya kwanza ni mti wa matatizo, uliochorwa kwenye karatasi kubwa ukutani. Siku ya pili kadre lojiki. Siku ya tatu bajeti na kronograma, kisha picha ya pamoja na breve. Karibu yote kwa Kifaransa, mbele ya wamama ambao wengi wao wanahesabu pesa zao kwa Kiswahili na kugombana na wauza maharagi kwa Kinyarwanda, Kihunde ao Kinande.

Kadre lojiki yenyewe haina kosa. Ilitengenezwa mwaka 1969 kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la Marekani, ili mtu aliyeketi bironi Washington aweze kuona kama mradi uliolipiwa naye uko na lengo, kazi, na alama za kupimia. Ni miwani ya mfadhili aliye mbali. Anayeketi karibu na sanduku la pesa, anayejua kwamba leo mawese yamepanda bei na kesho ni siku ya kulipa deni, anahitaji miwani nyingine.

(Na kuhusu perdiemu, heri isemwe wazi. Watu wengi wamekwenda kwenye formasyo kwa sababu ya pesa ya transpoti, na hakuna haya katika hilo. Pesa ile ilinunua unga. Mwenye kuona haya ni yule aliyejua hivyo na bado akaandika katika ripoti yake kwamba watu 40 wamepata uwezo.)

Tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025, serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Marekani ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu katika Kongo. Siku chache baadaye vita viliingia Goma, banki zikafunga milango, uwanja wa ndege nao ukafungwa. Katika muda usiofika mwezi mmoja, vikundi vingi vilipoteza mfadhili, kambi na njia ya kutoa pesa. Hapo tofauti ilikuwa rahisi kuona. Kikundi ambacho mradi wake wote ulikuwa ndani ya kompyuta ya shirika kilibaki na jile na bango. Kikundi chenye kaye yake kilijua kilipofika: bidoni ngapi, deni kwa nani, pesa ngapi na ziko kwa mama gani.

Ujuzi wa kuongoza mradi uko katika kaye hiyo, na hauhitaji ukumbi wa hoteli.

Iwe mfano wa kikundi cha wamama 20 kinachotaka kutengeneza sabuni, maana kazi hii imefundishwa sana katika kambi na katika kartye za Goma. Bidoni ya lita 20 ya mawese ina uzito wa kilo 18 hivi. Ili igeuke sabuni inaomba soda kostiki karibu kilo mbili na nusu, na maji lita sita ao saba. Soda ndiyo inamwagwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda, kwa sababu inachemka na kurukia macho. Glavu na kitambaa cha uso vinapaswa kuwa ndani ya bajeti tangu siku ya kwanza, pamoja na mahali ambapo watoto hawafiki. Mpaka hapo formasyo nyingi zinafundisha vizuri.

Kisichofundishwa ni kalenda. Sabuni ya baridi, ile isiyopikwa motoni, inakatwa baada ya siku moja ao mbili, lakini haijawa tayari. Inaomba kupangwa mahali penye hewa na kuachwa ikauke karibu wiki nne. Kuuza nako kunachukua muda, maana bidoni moja inatoa vipande vingi na si vyote vinatoka soko moja kwa siku moja. Wiki mbili ni makisio ya busara. Basi pesa ya bidoni ya kwanza inarudi mkononi kama wiki ya saba. Sasa mtu atazame kronograma iliyobandikwa ukutani siku ya formasyo: kutengeneza, mwezi wa kwanza, kuuza, mwezi wa kwanza, kulipa mkopo, kuanzia mwisho wa mwezi wa kwanza.

Matokeo yanajulikana katika kila kartye. Siku ya kulipa inafika, sabuni iko kwenye mbao, laini bado. Wamama wanaiuza hivyo hivyo. Mnunuzi anafika nyumbani, sabuni inayeyuka katika maji sawa siagi, na kama soda haijaisha nguvu inachoma mikono. Wiki inayofuata anarudia sabuni ya kiwanda. Kikundi kinasema soko ni baya, shirika linaandika kwamba kikundi kilikosa bidii. Ukweli ni kwamba mradi uliuawa na wiki nne ambazo hakuna aliyeziandika.

Dawa yake ni kuhesabu kwa kurudi nyuma. Kikundi kinaanza na siku ambayo pesa lazima iwe mkononi, kisha kinarudi hatua kwa hatua: kabla ya kulipa, kuuza wiki mbili, kabla ya kuuza, kukausha wiki nne, kabla ya kukausha, kutengeneza siku mbili tatu, kabla ya kutengeneza, kutafuta mawese na soda, na siku ya soko si kila siku. Tarehe ya kuanza inajionyesha yenyewe. Kama imekwisha kupita, kuna njia mbili: kuomba mkopo wenye muda mrefu zaidi, ao kuanza na kazi inayorudisha pesa upesi, kuuza unga ao makala kwa vipimo vidogo, huku sabuni ya kwanza ikikauka. Jambo lingine ni kutengeneza bidoni moja kila wiki, kuliko kutengeneza nne kwa pamoja. Hasara ya bidoni moja inafundisha. Hasara ya bidoni nne inafunga kikundi. Na kuanzia wiki ya tano, kila wiki kuna sabuni iliyokomaa ya kupeleka sokoni, na wamama hawashikwi tena na siku ya deni.

Hiyo kronograma, ambayo vitabu vinaiita jedwali la Gantt kwa jina la Henry Gantt, mhandisi wa Marekani aliyeieneza katika miaka ya 1910, ni mistari ya siku tu. Mama asiyejua kusoma anaweza kuichora chini kwa kijiti: jiwe moja kwa wiki moja, punje ya mahindi kwa kazi iliyokwisha, punje ya haragi kwa kazi iliyobaki. Mkulima wa Masisi ao wa Rutshuru amekuwa akihesabu hivyo maisha yake yote. Anajua maharagi yanaomba miezi mitatu hivi, anajua mvua ya mwezi wa tisa inafungua msimu A na ile ya mwezi wa pili ao wa tatu inafungua msimu B. Hakuna anayepaswa kumfundisha. Anayepaswa kufundishwa ni mwenye kuleta mbegu wakati maharagi ya jirani yamekwisha kutoa maua. Mbegu ile inaishia kwenye sufuria, na ni haki, kwani mtu mwenye njaa hawezi kupanda katika msimu uliopita ili tu kumfurahisha mwenye ripoti.

Jambo la pili katika kaye ni majina. Katika mikutano mingi linasikika neno komite itashughulika. Komite haishughuliki. Mtu ndiye anashughulika. Kazi ikiandikwa kwa jina la komite, siku ya mwisho kila mmoja anamtazama mwenzake. Kazi ya kununua soda iandikwe kwa jina la mama mmoja, na siku yake, na pesa aliyopewa, na jina la mama mwingine atakayeenda badala yake mtoto akiugua. Kaye ya mistari minne inatosha: kazi gani, nani, siku gani, imefanyika ao bado. Inasomwa kwa sauti mwanzoni mwa kila mkutano, kabla ya maneno mengine yote, kwa sababu maneno mengine yakianza hayakwishi.

Hapa kuna ugonjwa mmoja unaojulikana na ambao watu wanaogopa kuutaja. Ni mradi wa rais. Rais wa kikundi ndiye ana namba za simu za shirika, ndiye ana kaye, ndiye ana funguo, ndiye anajua bei. Mara nyingine ni baba aliyewekwa juu ya kikundi cha wamama kwa sababu anasema Kifaransa. Anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa. Lakini siku anapokimbia upande wa Bukavu na familia yake ikabaki Sake, ao simu yake inaibwa, mradi umekwenda naye. Kiongozi mzuri wa mradi anajulikana kwa jambo hili: akikosekana wiki mbili, kazi inaendelea. Viongozi wengi hapa wanafurahi kinyume chake, kwamba bila wao hakuna kinachosogea.

Watu wa Kivu wana tayari mfano bora kuliko ule wa vitabu, nao uko chini ya vitanda vyao. Ni sanduku la AVEC, chama cha kijijini cha kuweka akiba na kukopeshana. Njia hii ilianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kati ya wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE, kisha ikasambaa Afrika nzima mpaka ikaonekana kana kwamba ilizaliwa hapa, karibu na likelemba ya wazee. Watu 15 mpaka 25 wanaojuana. Mkutano kila wiki, siku ileile, saa ileile. Sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na mwenye kutunza sanduku hana hata ufunguo mmoja. Pesa inahesabiwa na watu wawili mbele ya wote. Kila mtu ana kitabu kidogo, na asiyejua kusoma anahesabu mihuri. Mwisho wa mkutano kiasi kilichobaki kinatajwa kwa sauti, na wanachama wanaambiwa wakiweke kichwani mpaka wiki ijayo. Sanduku likifunguliwa, wanaulizwa kwanza: zilikuwa ngapi?

Mwenye kutazama vizuri ataona kwamba ndani ya sanduku hilo mna karibu yote yanayouzwa kwa bei kali katika vyuo vya usimamizi. Kazi imegawanywa kwa majina. Kuna ratiba isiyobadilika. Kuna uchunguzi ndani ya kila mkutano, haungoji mkaguzi wa mwisho wa mwaka. Habari ya pesa iko katika vichwa vya watu 20, haiko kwa mtu mmoja. Na kuna mwisho: baada ya miezi tisa mpaka kumi na miwili sanduku linagawanywa lote, kila mtu anapata chake na riba yake, na asiyeridhika anatoka bila vita. Miradi mingapi iliyoandikwa kwa kompyuta ina siku ya mwisho inayojulikana na kila mwanachama?

Ndiyo maana inashangaza kuona mfundishaji anaingia katika chumba cha wamama wenye AVEC ya miaka minne na kuanza na mti wa matatizo, sawa watu ambao hawajawahi kuongoza kitu. Angeuliza tu: mnafanyaje siku mwenye ufunguo hakufika? Saa nzima ya masomo ingetoka katika jibu hilo. Wamama nao wanaweka akili zao mbili mbali, akili ya sanduku na akili ya projé. Katika sanduku hawakubali hata franka 500 ipotee. Katika projé wanakubali mfuko mzima wa simenti upotee, kwa sababu ni ya shirika. Watu walewale, wiki ileile.

Kuhusu vitu vinavyojengwa, mistari michache inatosha kwa sababu macho yanaona yenyewe. Sehemu kubwa ya Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, na lava ya Nyiragongo ilishuka tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Kuchimba shimo la choo katika jiwe lile ni kazi ya nyundo na siku nyingi, kwa hiyo vyoo vya dharura vinajengwa juu ya ardhi, na shimo dogo linajaa upesi. Bajeti inahesabu mbao, shitingi, misumari, kazi ya seremala. Haihesabu kutapisha. Choo kinajaa, watu wanarudi kujisaidia pembeni, na kipindupindu kinajulikana njia yake. Vivyo hivyo chemchemi zilizojengewa katika milima ya Masisi: maji yanashuka yenyewe bila pampu, ni kazi nzuri sana, mpaka siku robine inavunjika. Mpira mdogo wa ndani ya robine hauzidi uwezo wa familia 20 zikichanga. Lakini kama mchango haukupangwa siku ya sherehe ya kuzindua, wakati watu wana furaha na shefu wa kijiji yupo, hautapangwa siku ya ugomvi. Bajeti isiyo na mstari wa kutengeneza kilichovunjika ni nusu bajeti.

Kisha kuna vita. Katika vitabu kuna safu inayoitwa hatari, na mwandishi wa mradi anajaza humo kwamba usalama unaweza kuharibika, halafu anaendelea na safu nyingine. Kwa familia ambayo imekimbia mara tatu tangu 2022, hatari si safu. Ni swali la kazi: usiku ule, nani anabeba nini? Kikundi kinachojiongoza kinaamua mapema. Stoki haiwekwi yote katika nyumba moja. Ukurasa wa mwisho wa kaye unapigwa picha kila mkutano na kukaa katika simu tatu. Pesa haikai yote kwa franka wala yote kwa dola, wala yote katika simu, hasa tangu banki zilipofunga na watoa pesa wa simu wakaanza kukata asilimia yao wanavyotaka. Kikundi kinakubaliana pia, kabla ya siku mbaya, deni litakuwaje kwa aliyepoteza kila kitu. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Vikundi vingi havikuvunjwa na risasi. Vilivunjwa na ugomvi wa baada ya kurudi, mmoja akisema deni limekufa na vita, mwingine akisema hapana.

Watasema wengine kwamba watu waliokimbia wanahitaji unga na dawa kwanza, na kwamba kuwapa masomo ya usimamizi ni kuwachezea. Wana haki kwa upande mmoja. Mtu hajifunzi kuhesabu wiki saba za sabuni wakati hajui atakula nini jioni, na shirika linalotoa formasyo mahali pa chakula linastahili kulaumiwa. Lakini wakati misaada inapungua, mkopo mdogo wa AVEC ao pesa ya kuuza mbuzi mmoja ndiyo mtaji wote wa familia. Haitarudiwa. Mwenye miradi mikubwa akikosea anaandika ripoti. Mama huyu akikosea, mtoto anatoka shuleni.

Na miradi mikubwa ya nchi haijatoa mfano wa kuiga. Bukanga Lonzo, shamba kubwa la hekta 80.000 lililozinduliwa mwaka 2014 ili kulisha Kinshasa, lilikuwa na wataalamu, michoro na mashine. Miaka michache baadaye kazi zilisimama, na mwezi wa tano 2025 Korti ya Katiba ilimhukumu aliyekuwa waziri mkuu, Augustin Matata Ponyo, miaka kumi ya kazi ngumu kwa kosa la kupoteza pesa za umma. Mwenyewe anakana na kusema ni mambo ya siasa. Kilichokosekana pale hakikuwa kadre lojiki. Hakukuwa na watu wa karibu waliosikia kila wiki kiasi kilichobaki katika sanduku, na kuulizwa kabla ya kulifungua: zilikuwa ngapi?

Hapo redio za mtaa zina kazi yao, na wasikilizaji pia. Bango la mradi linapowekwa kwenye shule inayojengwa ao kwenye bomba la maji, kuna vitu vinne vya kusoma: nani analipa, kiasi gani, nani anajenga, na siku ya kumaliza. Bango likikosa kiasi ao siku, swali liulizwe wakati msingi unachimbwa. Baadaye ni kelele tu. Ripoti ya mradi inatumwa kwa mfadhili kwa Kifaransa ao Kiingereza. Hakuna sheria inayokataza isomwe pia kwa Kiswahili, chini ya mti, mbele ya watu ambao majina yao yamejazwa ndani. Kiongozi wa kikundi anayesoma hesabu zake mbele ya wenzake, hata zile za hasara, anapoteza usingizi wa siku moja. Anayezificha anapoteza kikundi.

Mashirika machache yaliyobaki Goma, Sake na Kitshanga yataendelea kutoa formasyo, maana ndiyo kazi ya bei rahisi kuliko nyingine zote. Basi yabadilishe siku zile tatu. Siku ya kwanza, kila kikundi kije na kaye yake, ao sanduku lake, na kueleza linavyofanya kazi. Siku ya pili, wahesabu kwa kurudi nyuma kazi moja wanayoifanya kweli, kwa mawe na punje kama inafaa, kwa Kiswahili. Siku ya tatu isifanyike wiki ile. Ifanyike miezi miwili baadaye, kwenye kazi yenyewe, kati ya mbao za sabuni ao pembeni ya robine, ili kuona mstari gani wa kaye unasema imefanyika na upi unasema bado. Breve itolewe siku hiyo, kama bado kuna mtu anaiomba.

Kwa wale waliorudi mashambani, hesabu imekwisha kuanza. Maharagi ya msimu A yanaingia udongoni mwezi wa tisa mvua zikishika. Kabla ya hapo kuna kulima mara mbili shamba lililolala miaka mitatu, na mbele ya kulima kuna kutafuta jembe, na kuuliza kama barabara ya kwenda huko inapitika. Mbegu zinapaswa kuwa ndani ya nyumba mwisho wa mwezi wa nane.